Presha ya zawadi za Valentine na siku nyingine za wapenzi: mwongozo kamili wa kutoingia madeni wala kununiana

Kila ikikaribia tarehe 14 Februari maswali ni yale yale, nimpe nini, nitumie kiasi gani, nisipompa atanionaje, na yeye akinipa kikubwa mimi nikampa kidogo itakuwaje. Alafu Februari ikiisha kuna besdei, kuna siku mliyoanza kuwa pamoja, kuna siku ya kukumbuka ndoa, na mwisho wa mwaka huo hapo mlangoni. Watu wanaopendana kweli wanajikuta wananuniana kwa sababu ya boksi la chokoleti, wengine wanakopa, wengine wanatafuta sababu ya kugombana siku chache kabla ili siku ipite bila zawadi. Inaniuma sana kuona hivo maana mara nyingi hapo hakuna mtu mbaya, kuna watu wawili ambao hawajawahi kukaa chini wakaongea kuhusu zawadi hata mara moja, na pale walipokaa kimya ndipo muuzaji alipoingia akaongea kwa niaba yao.

Mwongozo huu ni wa kumtoa muuzaji hapo katikati. Unawahusu wapenzi, wachumba na wanandoa, na unafanya kazi vizuri ukianza wiki nne hivi kabla ya siku yenyewe, ila hata kama siku ni kesho sehemu yako ipo huko chini.

Hatua ya 1: Jua hiyo presha imetoka wapi

Usiruke hii ukaona ni historia tu, maana mtu akishajua kanuni fulani ilitungwa na nani na kwa faida ya nani inakuwa rahisi kuiweka pembeni bila kujiona mbahili.

Valentine kama siku ya mapenzi ni ya zamani, mshairi Mwingereza Geoffrey Chaucer aliihusisha na ndege wanaochagua wenza wao huko karne ya 14, na baadae watu wakawa wanaandikiana maneno kwa mkono, basi. Kilichobadilisha mambo ni posta ya bei nafuu pamoja na viwanda. Uingereza ilipoleta stempu ya peni moja mwaka 1840 kutuma kadi kukawa rahisi kwa mtu wa kawaida, huko Marekani Esther Howland wa Worcester, Massachusetts akaanza mwishoni mwa miaka ya 1840 kutengeneza na kuuza kadi zilizopambwa kwa lesi na karatasi za rangi mpaka ikawa biashara kubwa, miaka ya 1860 Richard Cadbury akaanza kuuza chokoleti kwenye maboksi yenye umbo la moyo, na kampuni ya Hallmark nao wakaingia kwenye kadi za Valentine mwaka 1913. Kutoka maneno ya mkono mpaka mwaka 2025, ambapo chama cha wauzaji wa rejareja wa Marekani, National Retail Federation, kilikadiria kwamba watu wa nchi hiyo peke yao wangetumia kama dola bilioni 27.5 kwa siku hiyo moja.

Pete ya uchumba nayo ina stori yake. Ule usemi wa almasi kuwa ya milele uliandikwa mwaka 1947 na Frances Gerety, mwandishi wa matangazo aliyekuwa anaifanyia kazi kampuni ya almasi ya De Beers, na miaka ya 1980 matangazo ya kampuni hiyo hiyo yakawa yanawaambia wanaume wa Marekani kwamba pete inatakiwa iwe na thamani ya mishahara ya miezi miwili, Japani wakaambiwa mitatu. Hebu fikiria, kijana anakosa usingizi kwa hesabu ambayo ilitoka kwenye tangazo tu, alafu anaichukulia kama sheria ya ndoa.

Japani pia ndiko desturi ilipokuwa kwamba tarehe 14 Februari wanawake wanawapa wanaume chokoleti, mwishoni mwa miaka ya 1970 watengenezaji wa pipi na vitafunwa vitamu wakaanzisha tarehe 14 Machi, White Day, ili wanaume nao warudishe, yani siku ya pili ikazaliwa kulipa deni la siku ya kwanza. Brazil wapendanao wana siku yao tarehe 12 Juni, na hiyo ilianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kutokana na kampeni ya João Doria, mtu wa matangazo, aliyekuwa anatafuta namna ya kuchangamsha mauzo ya Juni kwa sababu mwezi huo maduka yalikuwa yamepoa.

Sisemi siku hizi ni mbaya. Kuwa na siku ya kumwambia mtu nakupenda ni kitu kizuri na watu wengi wanaifurahia kwa moyo wote. Ninachosema ni kwamba kiasi na aina ya zawadi, na hata baadhi ya tarehe, vilipangwa na watu wenye kitu cha kuuza, kwa hiyo na nyinyi mna haki kamili ya kuvipanga upya.

Hatua ya 2: Kila mmoja ajiulize peke yake kwanza

Kabla hamjaongea, kaa peke yako na daftari au notisi za simu, ujibu kwa ukweli: siku hizi huwa nataka nini hasa? Watu wengi wanajibu zawadi, ila ukichimba unakuta zawadi moja imebebeshwa mizigo mitatu tofauti.

Mzigo wa kwanza ni kukumbukwa, yani nataka kujua kwamba mwenzangu ananiwaza bila kukumbushwa. Wa pili ni kuonekana, nataka marafiki, ndugu na wenzangu kazini waone kwamba napendwa. Wa tatu ni kitu chenyewe, kuna viatu navihitaji na ningependa yeye ndo aninunulie. Ukivichanganya vyote vitatu hakuna zawadi itakayokutosha, maana mtu anaweza kukupa viatu vile vile ulivyotaka na bado ukanuna kwa sababu alikuuliza namba asubuhi ile ile ikaonekana kakumbuka dakika za mwisho, au akakuandikia barua nzuri ya kurasa mbili ukajikuta una huzuni kwa sababu barua huwezi kuiposti.

Andika kipi kati ya hivo vitatu ni kikubwa kwako. Hakuna jibu la aibu hapo. Kutaka kuonekana unapendwa ni jambo la kibinadamu kabisa, tatizo linakuja ukilificha alafu ukamhukumu mwenzio kwa mtihani ambao hajui kama anaufanya.

Jiulize pia upande wa kutoa: nikimpa zawadi huwa nafuata furaha yake, au nafuta kosa, au naogopa atakachosema? Zawadi ya woga huwa inakuwa kubwa kila mwaka na haipungui, kwa hiyo ni muhimu kuijua mapema.

Hatua ya 3: Ongeeni, na muongee mapema

Hii ndo hatua yenyewe, nyingine zote zinaiegemea hii. Wiki tatu au nne kabla mkae, ana kwa ana kama inawezekana, au simu ya sauti kama mko mbali, lakini siyo kwa meseji maana meseji haina sauti na neno "sawa" linaweza kusomeka kama hasira. Msiongee mkiwa dukani, msiongee siku moja kabla, na msiongee katikati ya ugomvi wa pesa.

Namna ya kuanza ni kusema cha kwako bila kumtupia lawama. Kwa mfano: "Mpenzi, nimekuwa nawaza hii Valentine inayokuja, mimi huwa inanipa presha kidogo na sitaki iwe hivo kati yetu. Naomba tuongee kila mtu aseme anapenda nini." Ni tofauti kabisa na kusema "wewe na mambo yako ya maua mwaka huu mimi siwezi", ambapo mwenzio anasikia tu kwamba yeye ni mzigo.

Alafu mulizane maswali haya taratibu bila kukatizana. Zawadi gani niliwahi kukupa ukaifurahia kweli, na kwa nini? Kuna siku yoyote ambayo nikiisahau itakuuma sana? Kuna ambayo huijali? Kwenu nyumbani ulipokua watu walikuwa wanapeana zawadi vipi? Hilo la mwisho watu wanalipuuza lakini lina uzito mkubwa, kwa sababu aliyekulia kwenye nyumba ambayo besdei haikutajwa kabisa na aliyekulia kwenye nyumba ya keki kila mwaka wanasoma ukimya ule ule kwa maana mbili tofauti, mmoja anaona kawaida, mwingine anaona ametupwa.

Sasa kuhusu ile kauli maarufu, "mimi sitaki kitu". Saa ingine ni kweli, na saa ingine ni jaribio, na mwenye kuisema ndiye anayejua. Kama wewe ndo unaisema, jiulize je, siku ikipita kimya kabisa bila hata ujumbe wa asubuhi nitalala na amani? Kama jibu ni hapana basi hiyo kauli siyo kweli, sema unachotaka hata kama ni kidogo. Na kama wewe ndo unaambiwa, usiikubali haraka ukashangilia, muulize "hutaki kitu cha kununua, au hutaki kitu kabisa?" Swali hilo moja linawaokoa watu na mambo mengi.

Mkimaliza muwe na makubaliano ya wazi, siyo hisia tu kwamba mmeelewana: siku zipi tunaadhimisha, zipi tunaziacha, kiasi gani, na nani anapanga nini. Kuandika siyo lazima ila kunasaidia.

Hatua ya 4: Pesa

Wahenga walishasema mali bila daftari huisha bila habari. Orodhesha siku zote za mwaka ambazo mmekubaliana kuadhimisha, weka kiasi cha kila moja, jumlisha, gawa kwa 12, hicho ndicho cha kuweka pembeni kila mwezi. Kama hicho kiasi cha mwezi kinakushtua, basi siku ni nyingi au viwango viko juu, punguza sasa hivi kwenye karatasi na siyo Februari ukiwa umebanwa.

Wekeni kikomo cha wote wawili na kiheshimike, hata na yule mwenye uwezo zaidi. Hapa kuna mtego: mmoja anavuka kikomo kwa mapenzi tu, anadhani anafurahisha, kumbe anamwacha mwenzie na deni la aibu. Huyo mwaka unaofuata atakopa ili asionekane mdogo. Mwanaanthropolojia Mfaransa Marcel Mauss aliliandika hili tangu mwaka 1925, kwamba zawadi kwenye jamii nyingi inakuja na wajibu wa kutoa, kupokea na kurudisha, kwa hiyo ukiongeza saizi ya zawadi unaongeza na saizi ya wajibu.

Kama vipato vyenu havilingani msitumie kiasi sawa, tumieni asilimia sawa. Kila mmoja akitenga asilimia 2 ya kipato chake cha mwezi kwa siku fulani, wote mmejinyima kwa kiwango kinachofanana hata kama vitu havitafanana kwa bei. Na kikomo kihesabu kila kitu, karatasi ya kufungia, usafiri, kudeliva, nguo mpya ya kuvaa kwenye dina, maana watu wanahesabu zawadi peke yake alafu wanashangaa pesa imeenda wapi.

Mkopo hapana. Usikope kwenye app wala kwa rafiki, wala usichukue kitu kwa kulipa kidogo kidogo, kwa ajili ya siku ya mapenzi. Kipimo changu ni rahisi, kama malipo yataendelea baada ya siku yenyewe kupita basi kitu hicho kiko nje ya uwezo kwa sasa, na mara nyingi mwenzio angeambiwa ukweli angekataa mwenyewe usikinunue.

Kama bado unaogopa kwamba kitu cha bei ndogo kitaonekana dharau, kuna utafiti wa Francis Flynn na Gabrielle Adams uliotoka mwaka 2009, wakaangalia zawadi mbalimbali zikiwemo pete za uchumba, wakakuta watoaji wanaamini zawadi ghali inathaminiwa zaidi lakini kwa wapokeaji bei na shukrani havikuendana. Na mwaka 2014 wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha Emory, Andrew Francis na Hugo Mialon, walipotazama data za watu waliowahi kuolewa au kuoa Marekani, waliona matumizi makubwa kwenye pete na harusi yanaendana na ndoa kudumu muda mfupi zaidi. Hiyo haimaanishi pete inavunja ndoa, ila ile imani kwamba kutoa pesa nyingi kunaijenga ndoa haikuungwa mkono.

Hatua ya 5: Kuchagua zawadi bila kubahatisha

Kuuliza si ujinga. Watu wanadhani zawadi iliyoombwa haina mapenzi, kwamba mtu anayekupenda anatakiwa ajue tu mwenyewe. Watafiti Francesca Gino na Francis Flynn walilipima hilo mwaka 2011 na wakakuta wapokeaji wanafurahia zaidi vitu walivyovitaja kuliko vile mtoaji alivyobuni kichwani, wakati watoaji walidhani vyote vitapokelewa sawa. Na mapema zaidi, mwaka 1993, mchumi Joel Waldfogel aliwauliza wanafunzi wa chuo wangekuwa tayari kulipa kiasi gani kwa zawadi walizopewa Krismasi, akakadiria kwamba kati ya sehemu ya kumi na theluthi moja ya thamani ya zawadi inapotea, kwa sababu tu mtoaji hakujua mpokeaji anataka nini.

Unachofanya ni hiki. Fungua notisi kwenye simu yako, jina lake juu, na mwaka mzima ukimsikia akisema "hii chaja inanisumbua" au "natamani siku moja nijifunze kuogelea" andika hapo hapo. Weka na saizi ya nguo, viatu, kidole. Siku ikikaribia huna haja ya kuzunguka madukani umechanganyikiwa. Na ukitaka sapraizi, iwe kwenye namna ya kumpa na siyo kwenye kitu, yani kitu anakitaka ila hajui kinakuja lini.

Ukibaki na vitu viwili hujui uchague kipi, chagua kile atakachokitumia muda mrefu. Mtoaji huwa anawaza ile dakika ya kufungua boksi, mpokeaji ndiye anayeishi na kitu baada ya hapo.

Hatua ya 6: Hamisha tarehe kama tarehe ndo inawaumiza

Maua yanapanda bei wiki hiyo kwa sababu kila mtu anayataka siku moja, migahawa mingi inaweka menyu maalumu ya bei moja na muda wa kukaa mezani unakuwa mfupi, mnakula huku wanaofuata wanasubiri. Mkikubaliana kutoka wikiendi inayofuata mnapata nafasi, utulivu na bei ya kawaida.

Sharti ni moja tu, mkubaliane kabla. Ukihamisha mwenyewe kimya kimya alafu ukaja kusema nilipanga wiki ijayo, kwake ni sawa na umesahau.

Na tarehe yenyewe msiiache tupu, fanya kitu kidogo kisicho cha duka. Mimi naamini sana kwenye barua ya mkono. Huhitaji mashairi, andika jambo moja alilofanya mwaka huu ambalo hukuwahi kumshukuru, tabia yake moja ambayo watu wengine hawaijui na wewe unaipenda, na kitu unachotaka mfanye pamoja miezi inayokuja. Iwe mahususi, maana "wewe ni kila kitu kwangu" mtu yeyote anaweza kumwambia mtu yeyote, lakini "siku nilipokuwa naumwa uliamka usiku mara ngapi sijui na hukulalamika" hiyo ni yenu nyinyi.

Hatua ya 7: Mitandao

Siku hiyo status zinajaa mashada na maboksi, na hakuna anayeposti risiti wala mkopo wake. Kubalianeni kama mtaposti au la, na kama mmoja ule mzigo wa kuonekana ni mkubwa kwake, kumposti kwa maneno mazuri hakugharimu kitu, mfanyie. Wiki mbili kabla zima arifa za app za kununulia vitu, jitoe kwenye meseji za ofa, na kama kuangalia status za watu kunakuvuruga, ziweke kimya kwa muda. Usilinganishe mwenza wako na picha ya mtu, na zaidi usimtumie hiyo picha kwa maneno ya "ona wenzako", kidonda cha maneno hayo kinakaa miaka.

Hali maalumu

Kama mmeanza juzi tu, kitu kidogo na ujumbe mzuri vinatosha, zawadi kubwa mapema inamfunga mtu kabla hajaamua.

Kama mmoja anaipenda siku hii na mwingine haioni umuhimu, asiyeipenda asitumie historia niliyoandika hapo juu kama fimbo. Ukishajua inamfurahisha, mpe siku yake, na yeye naye akubali isiwe ya gharama. Ukimwambia tu "hizo ni biashara za watu" ukaishia hapo, hujatatua kitu, umemnyima na ukamsuta juu yake.

Kama mwenza wako anatishia kukuacha usiponunua, anakudai risiti, anakudhalilisha mbele ya watu kwa sababu ya bei, au anatumia zawadi alizokupa kudai utii, hilo siyo tena suala la zawadi na bajeti haitalitibu. Zungumza na mtu mzima unayemwamini au mshauri wa mahusiano, na usiendelee kununua amani.

Kama siku ni kesho na hamjawahi kuongea, usikimbilie duka. Andika barua leo usiku, kesho asubuhi mpe, na mwambie waziwazi unataka mkae muongee namna mtakavyokuwa mnafanya kuanzia sasa, mpange na siku ya kuongea.

Hatua ya 8: Rudini mkaangalie

Wiki moja baadae, mambo yakiwa yamepoa, mkae tena kidogo. Kila mmoja aseme kilichomfurahisha na kilichomkera, mhakikishe kikomo kilifuatwa, na kama kuna aliyejibana zaidi ya mlivyokubaliana aseme bila kuogopa. Rekebisheni kiasi, futeni siku ambayo imeonekana haina maana kwenu, ongezeni nyingine mkitaka, alafu wekeni kikumbusho kwenye simu zote mbili, wiki nne kabla ya siku inayofuata kwenye orodha.